Mama wa Palestina

Julai 1948 majeshi ya Israeli yaliwafukuza wakazi wa Lydda, Palestina, wakatembea juani pasipo maji. Miongoni mwao alikuwamo Ismail Shammout, kijana wa miaka 18. Mwaka 1953 alionyesha mjini Gaza picha yake iitwayo "Kwenda Wapi?": mzee aliyechoka, mtoto mmoja begani, wengine wawili wakiwa naye njiani. Mama hayumo.

Wachoraji waliofuata walimrudisha. Tangu miaka ya 1970, Sliman Mansour amewachora akina mama katika kanzu zilizotariziwa. Tarizi hizo huonyesha mvaaji atokako, hata kama kijiji chenyewe kimebomolewa. Ardhi ilinyang'anywa, lakini mama aliibeba kifuani.

Hata hivyo, si haki kumsifu mama kwa kumfananisha na nchi, kisha kumsahau yeye mwenyewe, anayelea watoto ugenini. Azimio 194 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1948, lilitamka kwamba wakimbizi wanaotaka kurejea makwao na kuishi kwa amani waruhusiwe. Basi mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake picha hizo asiishie kwenye uzuri wa rangi. Swali la Shammout bado halijajibiwa.