Tuliyoyalilia Wakati wa Korona, Leo Tumeyapa Mgongo

Kuna dua tuliyoiomba sote katika msimu wa kusi wa mwaka 2020. Wa Mombasa aliiomba, wa Malindi akaitikia amina, wa Lamu naye akainua mikono. Hatukuomba mali wala vyeo. Tuliomba turudishiwe baraza zetu, kahawa yetu ya baada ya Isha, safu zetu msikitini, kupeana mikono, na kwenda kuhani kwa jirani aliyefiwa. Mola ni msikivu. Alitupa yote, moja baada ya jingine. Leo ukipita mitaani usiku utadhani dua ile waliiomba watu wengine, kwa jinsi tulivyorudishiwa tukaviacha vikae bure. Fadhila ya punda ni mateke, walisema wazee, na katika jambo hili punda ni sisi.

Wako vijana waliokuwa wadogo wakati ule, na wako watu wazima wanaojifanya wamesahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi haujaisha, shule zimefungwa, misikiti na makanisa yamefungwa, na tarehe 27 ikaanza kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyekuwa Likoni jioni ile ya kwanza hajasahau: watu wametoka vibaruani wanawania kuvuka kabla ya saa moja, na bado wakakutwa kivukoni kwa marungu na moshi wa machozi. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Na tarehe 6 Mei, Ramadhani iko katikati, ukafungwa Mji wa Kale peke yake, hata maduka ya vyakula vya kupikwa yakatiwa makufuli, na haukufunguliwa mpaka Juni. Idd tuliisali majumbani, baba akiwa imamu wa watoto wake.

Aliyetoka nje ya pwani huenda asifahamu uchungu wa saa moja jioni. Hapa kwetu jua huzama baada tu ya saa kumi na mbili. Ukisha kusali Magharibi na kunywa maji, saa imegonga, na mwenye kuonekana njiani ni mhalifu. Lakini kwa mtu wa pwani siku huanza upya baada ya Magharibi. Ndipo joto linapopoa, watu huoga, wakavaa kikoi safi na kofia, wakatoka. Muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi mwake, na wazee hukaa juu ya mabaraza ya mawe kuzungumza habari za dunia na za marehemu. Kina mama hutembeleana. Watoto hutumwa viazi karai na mbaazi. Saa zile zote zilitwaliwa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo kila mtu alipojua kipi alikuwa akikipenda.

Wala hakikuwa kitu kikubwa. Sikumsikia mtu hata mmoja akililia gari lake. Nilisikia watu wakililia kashata na kahawa chungu. Nilisikia mzee aliyekwisha kuzunguka bandari za Ghuba zote akisema kwamba anatamani kitu kimoja tu, kukaa kitako pale Lighthouse na karatasi ya mihogo ya kukaanga, yenye ndimu na pilipili, upepo wa kusi ukimpiga usoni. Bustani ya Mama Ngina ilikuwa imefunguliwa upya Oktoba 2019. Hata hatujazizoea benchi zake, pwani ikafungwa. Bahari ile ile tuliyokuwa tukiipa mgongo kwa miaka tukawa tunaisikiliza kwa masikio kutoka madirishani, mawimbi yakivunjika chini ya Ngome ya Yesu, na tukiona wivu kwa ndege.

Tena, niwape watu haki yao. Mji wa Kale ulipofungwa, watu wa mitaa ile walionyesha uungwana ambao nchi nzima ingefaa kujifunza. Futari haikukatika. Sahani za kaimati na tambi zilisafiri kutoka nyumba hii hadi ile, zikiwekwa kizingitini na mbebaji akarudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kubisha. Vikapu viliteremshwa kwa kamba kutoka roshani za juu, vikapanda na mkate wa sinia. Vijana waliokuwa wakilaumiwa mchana na usiku kwa ukaidi ndio waliogawa unga na mafuta kwa wazee, barakoa puani, bila kulipwa hata senti. Wanawake waliposhindwa kutembeleana walizungumza dirisha kwa dirisha kuvuka kichochoro, na mazungumzo yale yalikuwa dawa kuliko nyingi tulizofukizwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na marafiki tuliwaona.

Tarehe 7 Juni kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku, furaha ya jioni ile ilipita ya Idd yenyewe. Watu walikaa nje kimya tu, wakitazamana. Mwezi uliofuata misikiti ikafunguliwa kwa masharti: watu mia moja, saa moja tu, na asiingie mtoto chini ya miaka 13 wala mzee aliyepindukia 58. Wazee wetu wa safu ya kwanza, waliokuwa wakifika kabla ya mwadhini, wakabaki nje. Niliwaona wakilia. Mtu mzima kulia hadharani kwa sababu amezuiwa kusujudu pamoja na wenzake: kumbukeni hilo, enyi mnaoishi hatua ishirini kutoka msikitini na leo mnasali Isha mbele ya televisheni.

Basi nataka kuuliza. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Nani ameiweka tena? Mbona baraza zimejaa watu na hazina mazungumzo? Nenda baada ya Isha ukaangalie. Watu wanane wamekaa, nyuso nane zimeinamia simu nane, na muuza kahawa anamimina kikombe kinachopoa mkononi mwa mtu asiyejua kama amepewa. Salamu hujibiwa kwa nusu ya sauti bila kuinua macho. Mzee akianza hadithi, hupewa masikio kidogo, kisha kijana mmoja hucheka, na hakucheka la mzee, amecheka la simuni. Mwaka 2020 kijana huyo huyo alikuwa akiapa kwamba korona ikiisha hatatoka barazani mpaka alfajiri. Mwili wake kweli hautoki.

Hilo la baraza, ingawa laniudhi, naweza kulimeza. La kuhani silimezi.

Wakati wa korona mazishi yaliwekewa idadi, watu 15 tu. Tulizika kwa haraka, jeneza lisipate mabega ya kupokezana, na matanga hayakukaliwa. Tulituma pole kwa simu kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na tuliona haya tulipozituma. Hata ada ya kutuma pesa kwa simu iliondolewa tangu Machi 2020 kwa kila shilingi 1,000 kwenda chini, na wengi tukaona ni rehema, angalau mfiwa apate sukari na majani ya chai. Ilikuwa dharura, na dharura ina hukumu yake. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufundisha zamani kwamba panapokuwa na tauni mtu asiingie na aliyemo asitoke, hatukuhitaji serikali kutuambia. Lakini dharura ikiondoka, ruhusa yake huondoka nayo. Hilo anajua hata mtoto wa chuo.

Sisi tumeibakiza ruhusa. Juzi alifariki mtu mmoja katika mtaa ninaoujua vizuri, mtu mwema, aliyebeba majeneza ya watu ujana wake wote. Katika kundi la simu la mtaa pole zilimiminika. Kila mmoja amebandika dua ile ile, neno kwa neno, pamoja na picha ya mikono iliyoinuliwa. Ukisoma ungesema mji mzima umeinama kwa huzuni. Fika makaburini sasa. Wachimbaji walikuwa wakipumzika kwa zamu kwa uhaba wa mikono, na wanawe marehemu walibeba baba yao kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, mabega yamewauma, hakuna wa kuwapokea. Na walioandika pole wako mtaani, madukani mwao, hawana safari wala maradhi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na pole ya simuni kutoka kwa mtu wa nyumba ya pili haifuti chozi.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa simu imesaidia, na kweli imesaidia. Mgala muue na haki umpe. Wako watoto wetu Muscat, Dubai, London na Toronto ambao mwaka ule walimuona mama yao kwa mara ya mwisho katika kioo cha simu, na laiti si simu wasingemuona kabisa. Hao sina neno nao; wakituma pole na chochote mkononi, wametimiza. Nasema na wewe wa Kibokoni ambaye maiti iko Makadara. Nasema na wewe wa Bondeni uliyeandika «tuko pamoja» nawe hamko pamoja. Kumfuata jeneza Mwislamu mwenzio na kumzuru akiugua ni haki yake juu yako, tuliyofundishwa tukiwa hatujaota meno ya pili. Ndugu zetu Wakristo nao wana yao kama hayo, wala sijaona dini inayosema mfiwa aachwe peke yake na kikasha cha ujumbe.

Na tazameni tulivyo wa ajabu katika kuchagua! Maana korona ilituletea na jambo moja jema, na hilo tulilitupa siku ile ile ya kwanza. Nazungumzia harusi.

Mwaka ule walioa vijana wengi ambao hesabu za kawaida zilikuwa zimewashinda. Mikusanyiko imepigwa marufuku, kumbi zimefungwa. Walii yuko, mashahidi wawili wako, sheikh amevaa barakoa, nikahi imefungwa sebuleni baada ya Alasiri ili watu wawahi kurudi kabla ya saa moja. Sinia tatu za biriani, halua, kahawa, kwisha. Bi harusi alipambwa na shangazi zake, akatoka amependeza vilevile. Nimewaona wawili walioana hivyo; wana watoto sasa, na nyumba yao haina deni la mtu. Wazazi walisema kwa ndimi zao, Alhamdulillahi, kumbe yawezekana. Tukadhani somo limeingia.

Limetoka kwa sikio la pili. Kumbi zilipofunguliwa tu, tulirudi na kulipiza. Sasa ukumbi, sasa sare za nguo za siku tatu mfululizo, mama wa watu asiye na kodi ya nyumba analazimika kununua sare ili asionekane ametengwa. Sasa mpambaji anayelipwa kuliko mwalimu wa madrasa apatavyo kwa miezi. Sasa kamera inaruka juu ya vichwa vya watu na bwana harusi anaagizwa aingie mara ya pili kwa kuwa ile ya kwanza haikutoka vizuri. Kijana akiuliza posa anapewa orodha, na akitoka hapo harudi. Huenda Saudia kutafuta kazi, msichana huzeeka kwa mama yake, kisha tunakaa tunashangaa kwa nini watoto wanaharibika. Wazazi, na hasa nyinyi kina mama ambao neno lenu ndilo linalopita katika shughuli hizi, mlikuwa na ushahidi mikononi mwenu wa mwaka mzima kwamba ndoa husimama bila hayo yote. Nani aliwaroga mkaurudisha mzigo uliokuwa umeshatuliwa chini?

Yaani la harusi, lililokuwa jepesi na jema, tumelitupa. La kilioni, lililokuwa zito na baya, tumelishika. Mtu anayetoa maelfu kwa ukumbi wa saa tano hana nusu saa ya kwenda kumpa mkono mfiwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili sikutarajia kuliona pwani hii, kwa watu hawa ambao niliwaona kwa macho yangu wakipandisha mkate kwa kamba.

Nawajua, nanyi mnajijua. Ni watu wale wale. Damu ile haijabadilika kwa miaka michache, na ndiyo maana nathubutu kuwakemea. Watu wasio na wema hakuna mwenye kupoteza wino juu yao. Maimamu wetu walitaje jambo hili Ijumaa, badala ya kutusomea hotuba za nchi za mbali. Wazee wa mitaa wafufue ile desturi ya mtu kupita mlango kwa mlango kutoa habari ya msiba, ili asipatikane wa kusema hakuona ujumbe. Vijana walioenda kugawa unga mwaka 2020 wajipange tena, safari hii kwa ajili ya makaburi na majeneza. Majina yao wanayo, simu wanazo, na hapo ndipo simu ifanye kazi, kuwaita watu watoke.

Na wewe uliyeandika pole juzi katika kundi la mtaa usitokee, mjane bado yumo edani, na miezi yake minne na siku kumi ndiyo kwanza imeanza. Mkeo anaruhusiwa kuingia kukaa naye. Wanawe marehemu huwa barazani baada ya Isha, pale pale alipokuwa akikaa baba yao. Nenda leo.