Shule ndogo ya kijijini na hesabu isiyotosha

Tangu Januari 2016, shule za msingi za serikali Tanzania Bara hazitozi ada wala michango ya lazima. Badala yake iko ruzuku: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ziende shuleni, 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa na serikali.

Hebu pigeni hesabu. Shule ya mjini yenye watoto 1,000, milioni 6. Ya kijijini yenye watoto 90, laki tano na arobaini. Lakini bati likitoboka, bei ni ile ile. Mzazi akiona darasa linavuja humhamishia mwanawe mjini, na ruzuku yapungua tena.

Basi ndugu zangu wa Muscat na Dubai, tunapotuma pesa za sare za jamaa zetu, tumuulize na mwalimu mkuu: darasa la kwanza wameandikishwa wangapi, na paa je?