Taa Iliyozimika: Nafasi ya Mwanaisimu Katika Chumba cha Udhibiti

Ajali kubwa inapotokea kiwandani, wanaoitwa kuichunguza ni wahandisi, wanakemia na mawakili. Mtaalamu wa lugha hakumbukwi, naye hulalamika mara chache sana. Ilhali mtu akizisoma kwa makini taarifa za uchunguzi wa ajali hizo, atakuta kwamba ndani ya chumba cha udhibiti, mahali ambapo watu wawili au watatu huongoza mtambo mzima kwa kutazama taa, mishale na vioo vya kompyuta, msiba aghalabu huanza kwa ishara iliyosomwa visivyo.

Mfano ulio wazi kupita yote ni ule wa kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mnamo tarehe 28 Machi 1979, yapata saa kumi alfajiri, pampu zinazopeleka maji ya kupooza mtambo zilisimama. Shinikizo likapanda, na vali ya kulipunguza ikafunguka kama ilivyokusudiwa. Ilipaswa kujifunga baada ya sekunde chache, ikakwama wazi. Kwenye paneli, taa yake ilizimika, na waendeshaji wakaamini kwamba vali imefunga. Kumbe taa ile haikuwa na habari yoyote ya vali yenyewe. Ilichojua ni kwamba umeme ulioishikilia vali umekatwa, yaani amri ya kufunga imetolewa. Maji yakavuja kwa zaidi ya saa mbili. Huku kengele zaidi ya mia zikilia na kumeta kwa pamoja, waendeshaji walipunguza maji ya dharura kwa kudhani kwamba yamezidi. Takriban nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Aliyeng'amua kasoro hiyo alikuwa mtu aliyeingia zamu akiwa na macho mapya.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuipita habari hii kama jambo la wenyewe. Lugha yake imeutenga utata huo kwa viambishi. “Vali imefungwa” humwelekeza msikilizaji kwenye tendo: kuna aliyefunga, au aliyeamuru ifungwe. “Vali imefungika” huielekeza akili kwenye hali iliyofikiwa. Kauli ya kutendeka, ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau alasiri yake, ndiyo tofauti iliyokosekana kwenye paneli ile. Taa ilinena amri, watu wakasoma hali.

Ni kweli kwamba kosa la Pennsylvania halikuletwa na Kiingereza, na kubandika vibao vya Kiswahili tu kusingeliliondoa. Kibao kilichotafsiriwa kwa pupa chaweza kudanganya kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kinachodaiwa hapa ni mtu wa kuuliza, kabla ya kibao kubandikwa, neno hili linataja nini hasa.

Tena lugha ya chumba cha udhibiti haiko kwenye taa pekee. Kuna daftari la zamu, kuna vibali vya kazi, kuna sauti za redio. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, watu wa zamu ya usiku waliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa mchana kwa matengenezo. Kibali cha kazi ya vali kilikuwapo, lakini kilikuwa karatasi tofauti na kile cha pampu, na habari zake hazikuwafikia. Gesi ikavuja, ikalipuka. Chumba cha udhibiti kikaharibiwa, na hakuna tangazo lolote la kuwaelekeza watu lililosikika katika vipaza sauti. Watu 167 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika katika jengo la malazi wakingoja kuambiwa la kufanya.

Hapa Kenya, mhandisi aliyeketi mbele ya vioo amesomeshwa kwa Kiingereza. Lakini anayekimbia nje kuizungusha vali kwa mikono yake, mara nyingi, ni mtu ambaye akishtuka hushtuka kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Amri ya redio ikimfikia kwa Kiingereza, ana kazi mbili: kuitafsiri na kuitii. Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo imechakaa, na hapa haina hata mashiko. Wakati wa dharura hakuna anayehutubia. Kinachohitajika ni sentensi fupi zilizokubaliwa mapema na kufanyiwa mazoezi: “Funga vali ya pili.” “Nafunga vali ya pili.” “Imefungika?” “Imefungika, nimeiona.”

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tangu hapo mijadala mingi imehusu bunge, mahakama na matangazo ya serikali; kiwanda kimesahaulika. Tasnifu moja ya uzamili ingetosha kuanzia: mtafiti akae na waendeshaji wakati wa mazoezi ya dharura, anase mazungumzo yao ya redio, kisha ahesabu ni mara ngapi amri ilirudiwa kwa sababu haikueleweka. Kutoka idara ya Kiswahili hadi ile ya uhandisi, katika vyuo vyetu vingi, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.