Anayesailiwa Naye Aulize

Wazazi wa Kinondoni na Temeke hufurahi kijana wao anapoitwa kwenye usaili wa kampuni ya teknolojia. Furaha hiyo ni ya haki. Hata hivyo, yatupasa kujifunza kwa yaliyotokea Kenya.

Mwaka 2019 Daniel Motaung wa Afrika Kusini aliajiriwa Nairobi na Sama, kampuni iliyopewa kazi ya kuchuja picha na maandishi ya Facebook. Mei 2022 aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook, akidai kwamba hakuelezwa kabla ya kuajiriwa kuwa angetazama mauaji na ukatili, tena aliachishwa kazi kwa kuwaunganisha wenzake. Sama ilikana, Meta ikasema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa huko.

Basi kijana aulize: Nitafanya kazi gani hasa? Mwajiri wangu ni nani? Nikiumia, nani atanitibu? Viongozi wa jumuiya, someni mkataba pamoja naye kabla hajatia sahihi. Shida ya kazi isimfunge mtu kinywa.