Mchezo wa pesa hautatulinda uzeeni

Husemwa kwamba sisi watu wa Pwani hatujui kuweka akiba. Maneno haya nayapinga kwa ushahidi. Ni mwaka wa nane sasa nashika daftari la mchezo mtaani kwetu, na katika miaka hiyo nimewaona muuza viazi karai, dereva wa tuktuk, mwalimu wa madrasa na mama mwenye genge la mboga wakileta elfu tano zao kila mwezi. Anayeugua hutuma mtoto. Aliye safarini hutuma kwa M-Pesa. Watu wenye nidhamu kama hii huwezi kuwaambia hawajui akiba.

Tatizo liko kwingine. Akiba yetu haikai.

Tufanye hesabu. Mchezo wetu una watu 12 na kila mmoja hutoa shilingi 5,000. Kila mwezi mmoja wetu hupokea 60,000. Mwaka ukiisha, kila mtu ametoa 60,000 na amepokea 60,000, kisha tunaanza tena kwenye sufuri. Kwa kazi yake mchezo ni mzuri: unakusanya vijisenti vikawa kitu cha maana, na hauna riba ndani yake. Pesa hizo zimelipa karo, zimenunua friji, zimegharimia harusi na nguo za Idd. Lakini bado sijamuona aliyepokea fungu lake akaliweka mahali likakaa miaka kumi. Linafika likiwa tayari lina mwenyewe.

Kwa nini nalisema hili leo? Kwa sababu miaka ya karibuni imetuonyesha jinsi riziki ya Pwani inavyoweza kukatika ghafla. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya kuelekea bara isafirishwe kwa reli ya SGR, madereva wa malori, makuli, mawakala wa forodha na mama lishe wa njia nzima ya Changamwe hadi Mariakani waliona kazi zikiyeyuka. Rais Ruto alirejesha shughuli za kutoa mizigo Mombasa Septemba 2022, lakini miaka mitatu ni mingi kwa mtu asiye na akiba. Katikati ya miaka hiyo ikaja Korona. Hoteli za Diani, Watamu na Malindi zikafungwa, na waliokuwa wakiishi kwa bakshishi za watalii wakaanza kuuza vyombo vya ndani.

Hayo ni ya ghafla. Uzee wenyewe hauji ghafla, unaonekana ukija. Wazee wengi waliobeba magunia bandarini kwa kibarua cha kutwa leo hawana pensheni. Tegemeo lao ni watoto, na pesa za Inua Jamii ambazo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70. Sisi wa miaka arobaini na kitu tunalijua vizuri jambo hili, maana ndio tunaowalipia wazee dawa kwa mkono mmoja na watoto karo kwa mkono wa pili. Tukifika umri wao bila kitu, mzigo huo tutawatwika watoto wetu, nao maisha yao hayatakuwa rahisi kuliko yetu.

Mjadala wa kitaifa kuhusu akiba ya uzeeni umewasahau watu wetu. Tangu Februari 2023, sheria mpya ya NSSF ilipoanza kutumika, kelele zote ni za wenye mishahara. Kila mwaka kiwango kimepanda, na tangu Februari 2025 mwenye mshahara wa 50,000 hukatwa 3,000. Malalamiko nayaelewa, maana makato ni mengi. Lakini tusisahau upande wa pili: mwajiri naye huongeza 3,000. Mfanyakazi yule anawekewa 6,000 kila mwezi, apende asipende. Mvuvi wa Gazi, bodaboda wa Kisauni na msusi wa Majengo hakuna anayewakata wala anayewaongezea. Wao ni waajiri wao wenyewe, na wasipojikata hawana siku ya kupokea. Ndiyo maana NSSF ikaanzisha mpango wa Haba Haba, ambapo mtu aliyejiajiri anaweza kuchangia kuanzia shilingi 25 kwa siku. Nimewauliza wenzangu wa mchezo, na wengi hawajawahi kuusikia.

Kwetu Waislamu kuna kizuizi kingine, nacho ni riba. Wengi wetu tumekwepa benki, dhamana za serikali na Sacco kwa kuogopa haramu, na woga huo ni wa heshima. Tulipokosea ni katika kudhani kwamba tukishaikimbia riba kazi imekwisha. Tumeziacha pesa ndani ya simu, chini ya godoro, au kwenye akaunti isiyozaa chochote, tukajiambia ziko salama.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya nafaka labda. Pesa taslimu inaoza. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, na kuna miaka ambayo bei hupanda kupita hapo. Kwa asilimia 5 hizo tu, shilingi 100,000 ulizozificha leo, baada ya miaka kumi zitanunua vitu vya thamani ya 61,000 ya leo. Bandu bandu huisha gogo. Na kwa aliyefikisha nisabu, zaka ya asilimia 2.5 inatoka kila mwaka, pesa ziwe zimefanya kazi au zimelala. Sayyidna Umar bin Khattab aliliona hili zamani sana, akawausia wasimamizi wa mali za mayatima wazifanyie biashara ili zaka isije ikazimaliza. Ikiwa mali ya yatima haifai kulazwa, yetu je?

Njia za halali zipo, na zimeongezeka. Tangu 2008 tuna benki zinazofuata sharia kikamilifu, na matawi yao yako hapa Mombasa. Akaunti zao za uwekezaji huendeshwa kwa mudharaba: wewe unatoa mtaji, benki inafanya kazi, na faida inagawanywa kwa sehemu mlizokubaliana. Julai 2023 ilizinduliwa sukuki ya kwanza nchini, ile ya Linzi ya shilingi bilioni 3, kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Pia ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayofuata sharia, ambapo pesa za wengi hukusanywa na kuwekezwa na meneja mwenye leseni. Mwenye shaka amuulize sheikh anayemwamini, na aiulize taasisi yenyewe: bodi yenu ya sharia ni akina nani, na pesa zangu mnazipeleka wapi? Mwenye haki ya kuuliza ni mwenye pesa.

Je, anayeishi kijungu jiko ataanzia wapi? Swali hili ni la haki na sitalijibu kwa porojo. Mwenye deni la simu alimalize kwanza, maana hakuna uwekezaji wa halali utakaomlipa kwa kasi ile deni linavyomtafuna. Kisha aweke pesa za dharura, angalau matumizi ya miezi mitatu, mahali anapoweza kuzipata haraka. Mvuvi analifahamu hili bila kufundishwa: Kaskazi ndio wakati wa kuvua, na Kusi likivuma bahari hukataa, lakini nyumbani watu wanataka kula. Mfanyakazi wa hoteli naye ana Kusi lake, kuanzia Aprili mpaka Juni wageni wanapopungua.

Baada ya hapo ndipo inakuja akiba ya muda mrefu, isiyoguswa. Chukua shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 50 kwa siku. Kwa mwaka ni 18,000. Ukipata faida ya wastani wa asilimia 8 na kuirudisha ndani kila mwaka, baada ya miaka kumi utakuwa na karibu 260,000. Endelea miaka kumi mingine kwa kiasi kile kile, na unapita 820,000. Faida haina dhamana, kuna mwaka mzuri na mwaka mbaya, lakini angalia umbo la hesabu hiyo. Muda umeongezeka mara mbili na pesa zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Kijana wa miaka 25 mwenye 50 kwa siku ana nguvu kuliko mtu wa miaka 45 mwenye 100.

Najua baadhi ya wasomaji watasema dhahabu na kiwanja ndiyo akiba ya Mswahili. Ni kweli kwa kiasi. Mama zetu walioweka bangili hawakukosea: mwishoni mwa 2023 aunsi ya dhahabu ilikuwa dola 2,000 hivi, na Oktoba 2025 ikapita dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Lakini sonara akikununulia hakulipi ufundi, anapima uzito tu, na mwizi naye anajua kabati lilipo. Dhahabu iwe sehemu ya akiba, isiwe yote. Kiwanja nacho ni mali ikiwa kina hati. Hapa Pwani, ambako ardhi ina historia ya maskwota na wamiliki wasioonekana, kununua kwa karatasi ya chifu na mashahidi wawili ni kununua kesi. Nenda ofisi ya ardhi ukatafute rekodi kabla ya kutoa hata shilingi moja. Na nyumba iliyosimama kwenye lenta miaka kumi na miwili, kwa pesa alizotuma dada kutoka Saudia au Qatar, haimlipi mtu kodi.

Tahadhari nyingine ni ya matapeli. Kenya iliona DECI na wenzake mwaka 2007, watu wakapoteza mafao yao na ya wazazi wao. Hata taasisi zenye majina si salama moja kwa moja: Dubai Bank na Imperial Bank zilianguka mwaka 2015, na mwaka 2025 ukaguzi ulifichua kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 hazionekani katika KUSCCO, muungano ambao Sacco zenyewe zilikuwa zikiweka pesa zake. Basi fanya mambo matatu. Kwanza, thibitisha leseni: benki iko chini ya Benki Kuu, Sacco ya kupokea amana iko chini ya SASRA, mfuko wa uwekezaji uko chini ya CMA. Pili, usiweke vyote mahali pamoja. Bima ya amana katika benki inakulinda hadi shilingi 500,000 tu. Tatu, sikiliza maneno. Anayekuahidi asilimia 10 kila mwezi "halali kabisa, hakuna hasara" amejifichua mwenyewe. Katika mudharaba hakuna faida ya uhakika, na aliyekuhakikishia faida isiyobadilika juu ya mtaji wako amerudi kule kule kwenye riba, hata kama amevaa kanzu.

Sipendekezi tuuvunje mchezo. Nilichopendekeza kwa wenzangu ni kuuongezea mfuko wa pili. Kati ya zile 5,000, shilingi 4,000 ziendelee kuzunguka kama kawaida, na 1,000 zisigawanywe. Kwa watu 12 hiyo ni 144,000 kwa mwaka. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, akaunti ifunguliwe kwa jina la kikundi katika benki ya sharia, watie saini watu watatu, na kila mwanachama aandikiwe fungu lake. Atakayefariki, fungu lake liende kwa warithi wake kama sheria ya dini inavyogawa, bila kusubiri tuulizane.

Kikao kilikuwa kirefu. Bibi mmoja, mkubwa wetu sote, alisema wazi: "Mwanangu, pesa nisiyoishika si yangu." Sikumlaumu. Ameishi akiona vyama vya ushirika vikifa na maafisa wakitoweka, na imani haijengwi kwa hotuba. Nilimjibu kwamba taarifa ya benki itasomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu, na kwamba yeye awe mmoja wa wale watatu wa kutia saini. Alicheka, akasema atafikiri. Tisa wamekubali. Watatu bado.

Wapo wanaoona kupanga ya miaka ishirini ijayo ni kukosa tawakkul. Nawakumbusha habari ya Saad bin Abi Waqqas, aliyekuwa mgonjwa akataka kutoa sadaka mali yake yote. Mtume (S.A.W.) alimzuia asivuke thuluthi, akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Hilo lilisemwa kuhusu sadaka, jambo la kheri. Sijui tutajitetea vipi sisi ambao zetu zinaishia kwenye mapazia na masofa.

Mzunguko wetu mpya unaanza mwezi ujao. Wewe mwenye mchezo mtaani kwako, peleka hesabu hii kwenye kikao chenu, mbishane. Muulize kila mmoja akiwa na miaka 65 atakula nini, na msikubali jibu la "Mungu atajua." Mungu anajua. Anayetakiwa kujua ni sisi.