Zawadi za Kadi: Nani Anayezilipia?

Ndugu waumini, na hasa ninyi viongozi wa jumuiya ndogondogo mnaowapokea ndugu zetu wanaofika Marekani kutoka Kongo, Burundi na Afrika Mashariki: kumezuka miongoni mwetu mafundisho ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Yasema hivi: chukua kadi ya mkopo yenye zawadi, nunulia unga, mafuta ya gari na nepi za mtoto, nayo benki itakurudishia fedha au itakupa pointi za tiketi ya ndege. Hunong'onwa hata nje ya kanisa baada ya Misa, kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. "Ni fedha za bure," twaambiwa.

Sisi twakana kwamba ni za bure. Benki haina shamba ambamo pointi huota. Kila kadi ya mkopo ipitishwapo katika mashine, mwenye duka hukatwa ada, ambayo huko Marekani huwa aghalabu kati ya asilimia 2 na 3, na kadi zenye zawadi nono ndizo zenye ada kubwa zaidi. Mwenye duka naye hakubali kuibeba peke yake. Huitia katika bei ya mkate. Na bei ya mkate ni moja kwa wote. Mama anayesafisha vyumba vya hoteli, akilipa kwa noti, hulipa sawasawa na daktari mwenye kadi ya kifahari; ila daktari hurudishiwa sehemu, na mama harudishiwi kitu. Mwaka 2010 wachumi wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Boston walikadiria kwamba kwa njia hii kaya inayolipa kwa fedha taslimu ilipoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka, zikaenda kwa wenye kadi. Je, hiyo si sadaka ya maskini kwa tajiri, tena sadaka asiyojua kwamba ameitoa?

Mlipaji wa pili ni yule aliye na kadi lakini hana uwezo wa kumaliza deni. Utafiti uliotolewa na Bodi ya Hifadhi ya Shirikisho ya Marekani mwaka 2023 ulikadiria kwamba zawadi za kadi huhamisha dola bilioni 15 kila mwaka, kutoka kwa wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu kubwa, na kutoka mitaa maskini kwenda mitaa tajiri. Tufanye hesabu wenyewe. Mtu hununua mahitaji ya dola 500 kwa mwezi, na kadi yake humrudishia asilimia 2: amepata dola 10. Lakini amebakiza deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 22 kwa mwaka: mwezi huohuo riba yamdai zaidi ya dola 18. Tena, asipolipa salio lote kwa tarehe iliyowekwa, kwa kawaida hupoteza kipindi cha msamaha wa riba, na hata unga alionunua jana huanza kuzaa riba tangu jana. Jambo hili wauzaji wa kadi hawalitangazi kwa herufi kubwa.

Twaongeza la kutuma fedha nyumbani, maana linatugusa kuliko yote. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani hutoza kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nchi za nje zikilipiwa kwa noti, na anayelipia kwa kadi ya benki ya huko hatozwi. Wako wanaolitumia neno hili kuwasukuma watu kutuma karo na fedha za matibabu kwa kadi ya mkopo. Ni ushauri mbaya! Benki nyingi huhesabu tendo hilo kuwa ni kuchukua mkopo wa fedha taslimu: hutoza ada yake, riba huanza siku ileile, na pointi hazipatikani. Kadi ya akaunti ya kawaida, inayokata fedha mtu alizo nazo, nayo imeepushwa na kodi hiyo.

Hatusemi kadi zitupwe. Mgeni asiye na historia ya mikopo hupata taabu kukodi nyumba, na kadi inayolipwa yote kila mwezi humjengea historia hiyo. Basi aitumie kwa kile tu ambacho fedha zake tayari ziko benki, na pointi azihesabu mwisho, kama atazihesabu. Lakini busara ya mtu mmoja haiondoi dhuluma iliyo katika bei ya mkate. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2015 kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada ambayo benki iliyotoa kadi ya mkopo hupata. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iligusa kadi za akaunti tu, na kadi za mkopo ikaziacha. Waumini wenye haki ya kupiga kura wawaulize wabunge wao sababu.

Na viongozi wanaoendesha semina za wageni wapya waanze na taarifa ya mwezi ya kadi. Sheria ya mwaka 2009 huilazimu benki kuonyesha humo itachukua muda gani kumaliza deni kwa mtu anayelipa kiasi cha chini tu. Kisanduku hicho kisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla mtu hajatia sahihi.