NANI ALIJENGA ELISABETHVILLE?

Ndugu wafanyakazi, watu husema mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910, ulijengwa na wafundi wa Ubelgiji. Tuulize vizuri.

Matofali yalitoka wapi? Katika udongo wa vichuguu. Mchwa walianza kazi, mikono yetu ikafyatua na kuchoma.

Kwa nini weusi walikaa mbali? Miaka ya 1920 serikali iliacha uwanja mtupu, karibu mita 700, kati ya mji wa Wazungu na mji wetu. Walisema ni kwa sababu ya mbu. Lakini boyi alivuka kila asubuhi kuwapikia, na usiku akatakiwa kuonyesha karatasi. Mbu hakuulizwa karatasi.

Na nyumba za kampi? Kwanza kompani ilitaka wanaume peke yao. Wengi walikufa, wengine walikimbia, na kuleta wapya kulikula pesa. Ndipo kuanzia 1928 Union Minière ikatoa mikataba ya miaka 3, ikaita mabibi na watoto. Nyumba ya jamaa ilizaliwa na hesabu, si na huruma.

Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Lakini jina halivunji ukuta. Ndugu, wakileta plani ya nyumba mpya, tusitazame rangi tu. Tuulize: imepangwa kwa faida ya nani?